Kabla Hujarudisha Ufunguo wa Chumba

Wengi tunadhani vitu husahaulika hotelini asubuhi ya kuondoka, kwenye pilikapilika za kufunga mabegi. Mimi naona vinasahaulika jioni ya kuingia. Unafika umechoka, unabwaga begi kitandani, unachomeka chaja kwenye soketi ya kwanza uliyoiona, miwani unaiweka dirishani, saa kando ya sinki, koti nyuma ya mlango. Kila kitu kinatua pale mkono ulipofika. Siku mbili baadaye unatakiwa ukumbuke mahali kumi na tano ambapo hukuwahi kupachagua.

Nyumbani hili halikusumbui kwa sababu vitu vina makazi yake na mkono unaijua njia hata gizani. Chumba cha hoteli hakina mazoea hayo, na asubuhi ya kuondoka akili imeshatangulia: iko kwenye basi, kwenye ndege, kwenye bili ya mwisho. Macho yanapita juu ya kitu bila kukiona. Ndiyo maana maandalizi ya maana yanaanza mapema, mengine hata kabla hujatoka kwako.

Ukishapanga begi, na kabla hujalifunga, lipige picha. Picha moja ya nguo, nyingine ya vitu vidogo vikiwa vimetandazwa: chaja, adapta, dawa, mkufu, kamera. Siku ya kurudi unaifungua ile picha na kulinganisha, badala ya kusimama katikati ya chumba ukijiuliza kama ulikuja na soksi za kijivu. Simu nayo ina namba yake ya utambulisho ya tarakimu 15. Bonyeza *#06# itokee, kisha iandike mahali pasipo kwenye simu hiyo. Pasipoti, nakili ukurasa wenye picha. Kwenye vitu vinavyofanana na vya watu wengine, andika jina na namba ya simu ya mtu anayepatikana. Anwani ya nyumbani usiiweke, maana anayeokota begi lako anajua pia kwamba hupo nyumbani.

Halafu rangi. Hoteli nyingi hutumia mashuka na taulo nyeupe, kwa sababu nyeupe huonyesha usafi na huweza kufuliwa yote pamoja kwa dawa ya kung'arisha. Ni uamuzi mzuri kwa dobi na balaa kwa mgeni. Chaja nyeupe, spika za masikioni nyeupe, nguo ya kulalia nyeupe, vyote hivyo juu ya shuka jeupe havionekani. Na mhudumu wa chumba hatoi shuka kwa kulichunguza sentimita kwa sentimita. Ana vyumba vingi na muda mchache. Hukusanya pembe nne, akavingirisha kwa ndani, furushi zima likaenda kufuliwa. Kilichokuwa ndani ya mikunjo kimeondoka nalo.

Niliwahi kupiga simu hotelini kuulizia chaja. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole kweli.

"Mama, ni ya rangi gani?"

"Nyeupe."

Akanyamaza kidogo. "Mama, hapa tunazo boksi zima."

Tangu siku hiyo vyangu vyote vimefungwa uzi mwekundu au kubandikwa utepe wa rangi kali. Havipendezi, lakini vinaonekana.

Ukiingia chumbani, kabla ya kutoa chochote, chagua makazi. Meza moja au kona moja ambayo vitu vyote vidogo vitalala: funguo, saa, hereni, miwani, pochi. Kama ndani kuna trei, mwaga vikombe pembeni uitumie. Mimi hubeba kitambaa cha rangi ya chungwa, nakitandaza mezani, na kila kinachotoka mfukoni kinakwenda juu yake. Kuchaji pia kufanyike mahali pamoja, juu ya meza, si ile soketi iliyojificha nyuma ya kitanda. Nguo zibaki begini ukiweza, hasa kama unalala usiku mmoja. Droo naziogopa. Droo ikishafungwa inafanana na droo tupu, na mtu aliyelala usiku mmoja hana sababu ya kuigusa.

Sefu nayo ni mtego wa aina yake, kwa sababu inafanya vizuri kazi iliyowekewa: kuficha. Inawaficha wezi vitu vyako, na inakuficha na wewe. Na humo ndimo tunamoweka vile tusivyoweza kuondoka bila hivyo, yaani pasipoti, fedha na vito. Watu hujiandikia vikaratasi, kisha wakavisahau pamoja na sefu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kiatu. Chukua kiatu kimoja cha jozi utakayovaa siku ya kuondoka, ukiweke ndani ya sefu au, kama hakiingii, weka humo kitu kingine usichoweza kutoka bila hicho, kama ufunguo wa gari au mkanda wa suruali. Kikaratasi unaweza usikisome, lakini hakuna anayetembea hadi mapokezi na kiatu kimoja. Ukisahau namba ya siri usihangaike kubahatisha. Mwambie mtu wa mapokezi, hoteli ina njia ya kuifungua.

Kanuni ya kiatu inafaa pia kwa friji. Anayetumia insulini anajua kwamba ile ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo akifika tu anaitia kwenye kifriji cha chumbani. Hapo kuna hatari tatu. Ya kwanza ni kuisahau. Ya pili, katika baadhi ya hoteli umeme wa chumba, pamoja na wa friji, hukatika unapochomoa kadi ya mlango kwenye kishikio chake ukutani. Ya tatu, ikikaa karibu na sehemu ya kugandisha inaweza kuganda, na insulini iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka. Waulize mapokezi kama friji hubaki inawaka ukitoka. Ule mfuko mtupu wa dawa utundike kwenye kitasa cha mlango kwa ndani. Ukitaka kutoka lazima uushike.

Usiku wa kuamkia safari ndio wakati wa kufunga mabegi. Asubuhi haifai, na ikiwa ndege ni ya alfajiri ndiyo kabisa. Kibaki nje kile tu utakachotumia ukiamka: nguo za kuvaa juu ya kiti, mswaki, simu ikichajiwa. Nguo ulizofua na kutundika bafuni zikusanye usiku huo hata kama bado zina unyevu, zitie kwenye mfuko wa plastiki. Betri ya akiba, ile ya kuchajia simu njiani, iingie kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Ndiyo pia kitu kibaya zaidi kukisahau: posta na kampuni za vifurushi huwa na masharti makali kuhusu betri hizo, kwa hiyo hoteli inaweza kuiona, ikaitunza, na bado ikashindwa kukutumia.

Usiku huohuo jiulize ni vitu gani havimo chumbani kabisa. Huu ndio upande tunaoupuuza. Nguo uliyompa dobi jana. Begi ulilolaza kwenye stoo ya mizigo. Pasipoti waliyoichukua mapokezi ili wanakili. Kitabu kando ya bwawa. Chumba unaweza kukipekua mpaka kwenye nyufa za sakafu na vitu hivi usivione.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mabegi yafungwe na yasogezwe mlangoni, na kitandani pasibaki hata mfuko, kwa sababu begi juu ya kitanda ndilo linaloficha kilicho chini yake. Washa taa zote na fungua pazia hadi mwisho. Vizingiti vya madirisha vinapenda miwani na simu. Kisha simama mlangoni, gusa ukuta wa kulia, uzunguke nao mpaka urudi mlangoni. Kuzunguka na ukuta kunashinda kuangaza macho kutoka katikati, kwa sababu akiangaza macho mtu huona chumba tu, lakini akipita na ukuta anakiona kitu kimoja kimoja. Kila unachokikagua kiache wazi: kabati wazi, droo wazi, sefu wazi. Chumba kitaonekana kama kimepekuliwa na askari, lakini utajua kwa kutazama tu ni wapi umeshapita. Kunjua duveti, inua mito, vuta shuka. Chini ya kitanda piga magoti umulike kwa simu, na uinuke na simu hiyo (namjua mtu).

Bafuni usitoke haraka. Ingia, kisha ufunge mlango ukiwa ndani. Mlango wa bafu ukiwa wazi umeegemea ukutani, na mgongo wake, wenye ndoano, hauonekani kabisa. Gauni, mkanda, mkoba na sidiria hubaki pale zikining'inia sentimita chache kutoka kwa mtu anayeapa kwamba bafu alishalikagua. Tazama ndani ya sehemu ya kuogea, kwenye kona yenye shampuu, halafu pembeni mwa sinki ambako pete huvuliwa wakati wa kunawa. Anayetumia meno ya bandia au vifaa vya kunyoosha meno asivifunge kamwe kwenye karatasi laini. Mhudumu akiona karatasi iliyokunjwakunjwa anaona taka, na hana kosa.

Ukiwa na mtoto, kabidhi ukaguzi wa chini kwake. Yeye yuko karibu na sakafu, na mdoli uliopotelea kati ya godoro na ukuta ni wake. Ataupata kabla yako. Kadi ya mlango ichomolewe mwisho kabisa, maana kwenye vyumba vingi taa huzimika nayo.

Hata hivyo siku moja kitu kitabaki. Usisubiri hoteli ikutafute. Hoteli nyingi hazimpigii mgeni kwa hiari yao, na si kwa uvivu: hawajui nani atapokea simu, wala kama huyo anajua ulikuwa huko. Wewe ndiye unayetakiwa kuanza, na mapema, ikiwezekana kabla mgeni mwingine hajaingia. Piga moja kwa moja hotelini uulize ofisi ya usafi wa vyumba. Taja namba ya chumba, tarehe, saa uliyotoka, na mahali penyewe kwa usahihi: "droo ya juu, upande wa kushoto wa kitanda" inasaidia kuliko "labda kwenye droo". Vitu vilivyookotwa huandikwa kwenye daftari kwa namba ya chumba na tarehe, kisha huwekwa stoo kwa muda ambao kila hoteli hujipangia yenyewe. Chakula na chupa zilizofunguliwa havingoji. Omba jina la uliyezungumza naye na namba ya kumbukumbu, na utegemee kulipia usafirishaji.

Risiti nazo zisitupwe hadi ufike. Mwaka 1999, mpiga selo (ala ya nyuzi inayofanana na fidla kubwa) Yo-Yo Ma aliteremka kwenye teksi jijini New York akaiacha kwenye buti selo yake iliyotengenezwa Venice mwaka 1733. Ilipatikana siku hiyohiyo, na risiti ya teksi ndiyo iliyosaidia polisi kujua ni gari gani. Anayeondoka hotelini kwa teksi anacho chumba cha pili cha kukagua, na buti lake.

Kuhusu pasipoti pekee nashauri usikimbilie kutangaza kwamba imepotea kabla hujaongea na hoteli na kuwataka wafungue ile sefu. Ikisharipotiwa inaweza kufutwa na kuingizwa kwenye hifadhidata ya hati za kusafiria zilizopotea au kuibwa, ambayo Interpol, shirika la polisi la kimataifa, iliianzisha mwaka 2002 na ambayo maofisa wa mipakani huitazama. Kuiokota kesho yake hakuifufui. Unaweza kuwa nayo mkononi na bado ukazuiwa nayo mpakani. Ila kama hoteli imetafuta na haipo, au una shaka imeibwa, ripoti saa hiyohiyo polisi na ubalozini.

Ukimtuma mtu akakuchukulie, waandikie hoteli kwanza ujumbe wenye jina lake, na yeye aende na kitambulisho. Na kieleze kitu chako kwa alama yake, si kwa aina yake. Ile chaja yangu walinitumia baada ya wiki mbili, imefungwa vizuri kwenye bahasha, safi, karibu mpya. Yangu ilikuwa na alama za meno ya mtoto karibu na kichwa cha waya.