Osha gari kwa mkono, rangi ibaki bila alama

Jumamosi iliyopita shemeji aliniita nimsaidie kuosha gari lake. Ni jeusi, na halijamaliza hata mwaka. Kivulini lilikuwa linang'aa vizuri tu. Nikawasha tochi ya simu, nikaisogeza juu ya boneti, na papo hapo zikajitokeza alama nyembamba zilizouzunguka mwanga kama utando wa buibui. Akaapa hakuna mtu aliyelikwaruza. Nikamwuliza, "Shemeji, huwa unalikaushia nini?" Akaingia ndani, akatoka na taulo kuukuu la kuogea.

Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote anayelipenda gari lake.

Kwanza ujue unachokilinda. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Kwenye magari mengi unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani mwembamba kuliko unywele wa kawaida. Vumbi la barabarani nalo lina chembe za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, magumu kuliko hata kioo cha dirisha. Maji hayakwaruzi, wala sabuni haikwaruzi. Kinachokwaruza ni chembe iliyobanwa kati ya kitambaa na bodi, kisha ikaburutwa. Kila hatua hapa chini ni ya kuhakikisha chembe hiyo haipo pale mkono wako unapopita.

Vifaa

Ndoo tatu, mbili za bodi na moja ya matairi. Wavu wa plastiki wa kuweka ndani ya ndoo, chini kabisa. Glavu ya kuoshea ya maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi bandia nyembamba sana), yenye nyuzi ndefu. Shampuu ya gari. Taulo mbili kubwa za maikrofaiba za kukaushia. Mpira wa maji, au mashine ya presha kama unayo.

Sponji sitaki hata kuiona karibu na gari. Uso wake ni bapa, mchanga hauna pa kuingia, kwa hiyo unabaki juu juu na kusugua rangi. Nyuzi ndefu za glavu huumeza mchanga ndani na kuuweka mbali na bodi. Sabuni ya vyombo nayo iache jikoni, maana imetengenezwa kukata mafuta, na itakuondolea nta uliyoipaka kwa jasho lako.

Hatua ya 1: Kivuli

Weka gari kivulini na usubiri boneti ipoe kabisa. Kwenye bati la moto shampuu hukauka kabla hujaisuuza.

Hatua ya 2: Rimu na matairi

Anza na haya, kwa ndoo yake na brashi yake. Vumbi la breki lina chembe za chuma. Kitambaa kilichogusa rimu kisiguse bodi tena maishani mwake, hata ukikifua mara kumi.

Hatua ya 3: Maji mengi kabla ya kugusa

Hapa wengi wana haraka. Wanamwaga maji kidogo, gari likishalowa wanaanza kusugua. Suuza kuanzia paa hadi chini, polepole, na rudia sehemu za chini za milango na nyuma ya matairi, kwa sababu huko ndiko mchanga unakoganda. Kama unatumia presha, tumia pua inayotawanya maji kwa upana, na usiisogeze karibu sana na kingo za rangi au mahali palipobanduka, utabandua zaidi. Ukiwa na kipuliza povu, funika gari lote kwa povu, liache dakika chache literemke na uchafu, kisha suuza bila kuliacha likauke.

Kinyesi cha ndege na wadudu waliokauka usiwakwangue. Laza juu yao kitambaa kilicholowa maji na shampuu, kiache hadi walainike, kisha kinyanyue kwa kukivuta juu.

Hatua ya 4: Ndoo mbili

Moja ina shampuu, nyingine ina maji matupu na wavu chini. Chovya glavu kwenye shampuu, osha sehemu moja, kwa mfano nusu ya paa, kisha glavu iende kwenye maji matupu. Isugue kwenye wavu, ikamue, ndipo irudi kwenye shampuu. Usiruke hatua hii hata kama glavu inaonekana safi. Anza na paa, vioo, boneti na buti, halafu sehemu ya juu ya milango. Bampa na sehemu za chini ziwe za mwisho.

Usikandamize. Uzito wa glavu iliyolowa unatosha. Mimi huosha kwa mistari iliyonyooka badala ya duara, kwa sababu alama ikitokea huonekana kutoka upande mmoja tu.

Tulipomaliza nilimwambia shemeji amwage ile ndoo ya maji matupu taratibu, kisha apitishe kidole ndani, kwenye kitako chake. Kidole kilitoka na tope lenye mchanga unaosikika ukiusaga kati ya vidole. Gari lilikuwa limeshasuuzwa mara mbili kabla ya kuguswa, na bado mchanga huo ulikuwepo.

Suuza gari lote.

Hatua ya 5: Kukausha

Hatua hii ilinitesa kwa miezi. Nilikuwa na ndoo mbili, glavu nzuri na maji mengi, na bado kila baada ya wiki kadhaa tochi ilinionyesha alama mpya. Nililaumu shampuu, nikaibadilisha. Nikalaumu glavu, nikanunua nyingine. Mwishowe nikang'arisha kipande cha buti kwa polishi hadi kikawa safi kabisa, nikakiosha kama kawaida, nikakiacha kikauke chenyewe. Kilipata madoa ya maji, lakini hakikuwa na alama hata moja. Nikakiosha tena, safari hii nikakikausha kwa taulo. Alama zikaonekana. Wakati wote huo tatizo lilikuwa taulo, na ni taulo la maikrofaiba la bei kubwa.

Nililichunguza juani. Kwanza, lebo ilikuwa imeshonwa pembeni, na uzi wake ni mgumu kama wa kamba ya kuvulia samaki. Pili, nilikuwa nalifua pamoja na nguo za nyumbani, kwa hiyo nyuzi zilikuwa zimejaa vumbi la pamba na kipande cha jani kikavu. Tatu, nilikuwa nalitia kilainisha nguo, nacho hufunika nyuzi, taulo likaacha kunyonya maji, nami nikawa nakandamiza zaidi ili likaushe.

Kwa hiyo, kata lebo siku ile ile unaponunua taulo, na chagua lisilo na mshono mgumu pembeni. Lifue peke yake au na maikrofaiba wenzake safi, kwa sabuni ya maji, bila kilainisha wala dawa ya kung'arisha nguo, kwa maji ya vuguvugu. Joto kali huyeyusha ncha za nyuzi na kuzifanya ngumu. Lianike mahali pasipo na vumbi, kisha litunze kwenye mfuko uliofungwa. Likianguka chini, hata kwenye sakafu inayoonekana safi, halirudi kwenye bodi siku hiyo. Ukiwa na shaka na kitambaa, kisugue kwenye upande unaong'aa wa sidii usiyoitumia. Ikipata mikwaruzo, kitambaa hicho kifutie injini.

Sasa kazi yenyewe. Ondoa pua ya mpira wa maji, acha maji yatiririke bila nguvu kuanzia paa. Kama gari lina nta, maji yataungana na kuteremka kama shuka, yakiacha matone machache tu. Usikae sana, kwa sababu maji yenye chokaa yakikauka huacha madoa meupe ambayo baadaye yanahitaji asidi nyepesi au polishi kuyatoa.

Kunjua taulo, lilaze lote juu ya boneti, shika ncha zake mbili na ulivute polepole kuelekea kwako. Mkono wako usiwe juu yake. Mlangoni, liweke, ligonge kwa kiganja, linyanyue. Likilemewa na maji, geukia taulo la pili badala ya kukamua na kuendelea. Mimi pia hupulizia nta ya maji kidogo kwenye kila sehemu kabla ya taulo kupita, taulo linateleza bila kukwama. Ukiwa na kipulizia hewa, bora zaidi, kwa kuwa hewa haigusi kitu.

Ngozi ya kukaushia siipendi kwa sababu ni bapa kama sponji. Na ule mpira wa kufutia vioo usiuguse kwenye rangi kamwe. Chembe moja ikikwama kwenye ukingo wake itachora mstari kutoka paa hadi mlango.

Mwisho

Shemeji alitaka kuondoka papo hapo. Nikamzuia, nikafungua milango yote, buti, na kifuniko cha tangi la mafuta. Maji hujificha humo, nyuma ya saiti mira na nyuma ya namba ya gari, kisha, ukishaanza safari, hutiririka pamoja na uchafu. Tulifuta huko kwa kitambaa cha tatu, kile ambacho hakigusi bodi. Kisha alizungusha gari taratibu, akikanyaga breki kidogo kidogo hadi diski zikakauka.

Alama zake za zamani bado zipo. Polishi itaziondoa, lakini polishi hula klia kila inapopita, kwa hiyo tumekubaliana aoshe hivi kwa miezi miwili kwanza, mkono uzoee, ndipo tuzing'arishe mara moja.