Jinsi ya kumpendekeza mtu apewe nishani Uingereza, hasa hawa wanaohakikisha misaada inafika kwa kila mtu

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kila orodha ya nishani za Mfalme ikitoka, mwaka mpya na tena mwezi wa 6, utasikia watu wanalalamika mbona watu wetu hawamo. Sasa niwaulize, nani aliwapendekeza? Kuna dada zetu na kaka zetu wanakaa kwenye bodi za chariti na mifuko ya misaada, wanabishana mpaka hela inafika kwa watu wenye ulemavu, wakimbizi, na vikundi vidogo vya wahamiaji ambavyo havina mtu wa kuwaandikia andiko zuri la kuomba. Hao ndo wanastahili kabisa, na njia iko wazi, haina malipo.

Wengi wanadhani ni mambo ya mastaa, kama mchekeshaji Lenny Henry, mmoja wa waanzilishi wa chariti ya Comic Relief, aliyepewa cheo cha Sir mwaka 2015 kwa kazi ya uigizaji na chariti. Hapana. Kuna BEM (British Empire Medal, yaani medali ya Himaya ya Uingereza), iliyorudishwa mwaka 2012, hiyo ni ya kazi za mtaani kabisa, halafu juu yake, kwa kupanda ngazi, MBE, OBE, CBE, nazo zina neno hilohilo Empire ndani ya majina yao. Wewe huchagui ngazi, kamati ndo inaamua, wewe eleza kazi tu.

Kabla hujaanza, angalia kama mtu wako bado anaifanya hiyo kazi. Marehemu hapewi, na aliyeacha siku nyingi ni ngumu, kwa hiyo kama mama wa kikundi chenu anakaribia kupumzika msingoje sherehe ya kumuaga, anzeni sasa hivi. Kujipendekeza mwenyewe hairuhusiwi. Na kama ana pasi ya Tanzania au Kenya peke yake bado anaweza kupewa, ila maombi yanapitia wizara ya mambo ya nje na nishani inakuwa ya kiheshima, yaani hata akipewa ngazi ya juu haitwi Sir wala Dame.

Fomu iko kwenye tovuti ya GOV.UK, unajaza onlaini muda wowote wa mwaka. Andaa jina lake kamili, umri, anwani, mawasiliano, kazi anayoifanya, na tuzo nyingine kama alishawahi kupata. Hapo ni rahisi, shida inakuja kwenye maelezo, na hapo ndo naomba mtulie, maana watu wanaharibu kwa kujaza vyeo, mara mwenyekiti wa hiki, mara mjumbe wa kile. Kamati inataka kujua nini kimebadilika kwa sababu yake. Usiandike "anapenda usawa na kujumuisha watu wote". Tuseme alikuta mfuko unapokea maombi ya maandishi ya Kiingereza tu, akapigania watu waruhusiwe kutuma maombi kwa sauti na kwa lugha zao, basi andika hivohivo: ilikuwaje kabla, alifanya nini, nani alimpinga, na leo ni vikundi gani vinapata hela ambavyo zamani vilikuwa vinakataliwa mlangoni. Weka miaka, weka idadi kama unazo za kweli, usiongeze chumvi maana watu huulizwa na taarifa zinakaguliwa.

Halafu barua mbili za kuunga mkono, kutoka kwa watu wanaomfahamu yeye binafsi. Mimi ningeshauri moja itoke kwa mtu aliyefaidika, sio zote mbili kwa wakubwa wa bodi. Kama huyo mtu Kiingereza kinampa shida kaa naye, akusimulie kwa Kiswahili, uandike, umsomee tena mpaka aseme ndiyo hayo niliyosema, ndo aweke sahihi.

Na jamani, msimwambie mhusika! Ni siri mpaka mwisho, tena safari ni ndefu, miezi 12 hadi 18, na katikati hapo unaweza usisikie kitu. Akipita ataulizwa mwenyewe kama anakubali. Wapo wanaokataa, mshairi Benjamin Zephaniah aliikataa OBE mwaka 2003 kwa sababu ya hilo neno Empire, yaani himaya, lililomo ndani ya jina la nishani, na wapo wazee wetu wenye uchungu huohuo, ni haki yao kabisa, uamuzi ni wa mhusika mwenyewe.

Kama kazi ni ya kikundi kizima na sio mtu mmoja, acha hiyo fomu, tafuta King's Award for Voluntary Service, yaani tuzo ya Mfalme kwa kazi za kujitolea, inahesabiwa sawa na MBE ila ya kikundi. Kikundi kiwe na watu kuanzia watatu, angalau nusu wawe wanajitolea, kiwe kimefanya kazi miaka mitatu au zaidi, na hapo pia ni barua mbili. Washindi wanatangazwa tarehe 14 mwezi wa 11, siku aliyozaliwa Mfalme Charles.