Kubuni msombo mmoja unaozuia virusi na kutuliza uvimbe

Usianze na mchoro wa molekuli. Anza na kimeng'enya unachotaka kukizuia. Wengi huunganisha dawa mbili kwa mnyororo, lakini molekuli inayopatikana mara nyingi huvuka uzito wa dalton 500 (kipimo cha uzito wa molekuli), ikawa ngumu kuyeyuka na kufyonzwa utumboni. Naona heri kutafuta kiini kimoja, yaani umbo la msingi la molekuli, chenye kazi zote mbili, kama barisitinibu, dawa ya baridi yabisi inayozuia JAK1 na JAK2, vimeng'enya vinavyopitisha ishara za sitokini, protini ambazo seli za kinga hutumia kuwasiliana na kuchochea uvimbe. Mwaka 2020 ilipendekezwa kwa UVIKO-19 kwa kuwa hushika pia AAK1, kimeng'enya cha seli zetu wenyewe ambacho virusi hukitumia kuingia ndani.

Ukishapata kiini, tengeneza misombo ya jamii moja ukibadilisha kikundi kimoja tu cha atomi kila mara, ili ujue ni badiliko lipi lililoleta matokeo. Pima kiwango kinachopunguza virusi kwa nusu, kisha kiwango kinachoua nusu ya seli zilezile zisizoambukizwa. Cha pili kisipozidi cha kwanza angalau mara 10, uachane na msombo huo.

Kwa uvimbe, amsha makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, kwa LPS, sumu ya ukuta wa bakteria, kisha pima TNF-alfa na IL-6, sitokini mbili za uvimbe. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu seli iliyokufa haitengenezi sitokini, na msombo wenye sumu huonekana kama dawa njema. Kwa hiyo weka MTT, rangi ya kupima uhai wa seli, katika visima vya sahani ya maabara vyenye dozi zilezile: seli hai huigeuza kutoka manjano kuwa zambarau, na kisima kilichobaki cha manjano kinakueleza kwamba "utulivu" ule ulikuwa kifo.

Usitegemee seli za Vero peke yake. Zinatoka katika figo ya tumbili na hazitengenezi intaferoni, protini ambazo seli hutoa kujikinga na virusi. Tena klorokwini ilizuia virusi vya korona ndani yake, ikashindwa katika seli za Calu-3 za mapafu ya binadamu.

Mwisho linganisha dozi. Ikiwa JAK1 inazimika kwa mikromola 0.01 na virusi vinahitaji mikromola 5, mgonjwa atapoteza ishara za intaferoni, ambazo nazo hupitia JAK1, kabla virusi havijaguswa. Rudi kwenye kemia upunguze pengo hilo kwanza, ndipo uwape wanyama dawa, kundi moja mapema na jingine uvimbe ukishapanda, ukipima virusi na IL-6 katika pafu lilelile.