Mandhari kwa rangi za mafuta: anza na kivuli

Anayetaka kuchora mandhari kwa mtindo wa Monet, mchoraji Mfaransa, huniuliza kwanza anunue brashi gani. Mimi humwambia atazame kivuli cha mti uliopigwa na jua, aniambie kina rangi gani. Wengi hujibu cheusi. Kitazame vizuri: anga limekimwagia buluu yake, na nyasi za pembeni zimekitia ukijani. Ukishaliona hilo, fungua rangi.

Kwa sababu hiyo, nyeusi haimo kwenye paleti yangu, yaani ubao wa kuchanganyia rangi. Naweka nyeupe ya titani, njano na nyekundu za kadimiamu, nyekundu nzito ya alizarini, buluu ya kobalti na buluu ya altramarini. Basi. Kijani nakichanganya mwenyewe. Kwa kivuli cha nyasi chukua altramarini, alizarini kidogo na nyeupe, upate zambarau, kisha iweke kando ya njano ya jua uone zote mbili zinavyong'aa. Mkemia Mfaransa Chevreul alilieleza jambo hili mwaka 1839: njano na zambarau, buluu na chungwa, nyekundu na kijani, kila moja humpa mwenzake nguvu zikikaa jirani. Ukizikoroga pamoja unapata tope.

Turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, la sentimita 30 kwa 40 linatosha. Lipake kwanza rangi ya kahawia ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini, ulifute kwa kitambaa, uliache likauke. Weupe mtupu hudanganya jicho, na vipande vya kahawia vitakavyochungulia katikati ya miguso ya brashi vitaipa picha joto.

Sasa simama mbele ya mandhari ufinye macho. Majani na matawi yatapotea, yatabaki mabaka manne au matano ya mwanga na giza. Yachore hayo kwa rangi iliyozimuliwa. Hapa nakusihi usiharakishe, maana mwanga na giza visipokaa sawa hakuna rangi itakayoiokoa picha. Mara nyingi anga ndilo lenye mwanga zaidi, likifuatwa na ardhi tambarare, halafu miteremko. Miti iliyosimama wima huwa na giza kuliko vyote.

Anza na sehemu za giza, uende kwenye mwanga, rangi nene ukiibakiza mwisho. Shika brashi bapa ya manyoya magumu, mbali na ncha, si kama kalamu. Chota rangi, iguse turubai, inua mkono. Usirudi kuulainisha mguso huo! Ukiusugua, rangi ya chini hupanda na uhai wote unapotea. Kila baada ya miguso mitatu au minne, futa brashi. Vilima vya mbali viongezee buluu na nyeupe, na kingo zake ziache laini.

Baada ya muda wa saa mbili hivi vivuli vitakuwa vimehama. Simama hapo hapo, usilifukuze jua. Monet, alipochora marundo ya nafaka mwaka 1890 na 1891, alikuwa na turubai kadhaa, akishika jingine mwanga ulipobadilika. Wewe rudi siku nyingine saa ileile, ikiwa hali ya hewa inafanana.

Ukirudi, tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka. Rangi hii haikauki kama nguo kwenye kamba: mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hushika oksijeni ya hewani na kuganda, na yakiwa yanaganda hutoa joto. Kwa hiyo matambara yenye mafuta usiyarundike kamwe, kwani yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko. Vanishi nayo isubiri miezi 6 hadi 12, na zaidi pale ulipopaka rangi nene.