Namna ya kuchagua masomo 6 ya IB kama mutoto anatoka Lubumbashi

Mama, baba, na weye mudogo mwenye unaenda kusoma IB (International Baccalaureate, programu ya kimataifa ya miaka mbili ya mwisho ya sekondari): kama bamekutumia ile fishi, ni kusema karatasi ya kuchagua masomo, usiijaze leo mangaribi paka juu banaiomba kesho. Fishi ile itakufuata miaka mbili nzima, na kisha itakufuata tena ku mulango ya iniversite. Minaandika hii juu kwetu nyumbani tuliijaza mbiombio, na mudogo wangu njo alilipa.

Kwanza muelewe hii: IB haiko opsio. Huku kwetu mutoto akiingia mu imanite (sekondari ya juu) anachagua opsio moja, siyantifike (zamani ilikuwa mati-fizike na biyoshimi), komersiale ao pedagojia, basi, masomo yote inakuya mu paki moja, hakuna mwenye atakuuliza tena. IB, yenye ilianzia Geneva mu 1968, inakupatia makundi 6: lugha yako na literatire yake, lugha ya pili, masomo ya maisha ya bantu (istware, jografi, ekonomi), siyansi, mati, na sanaa. Unatosha somo moja mu kila kundi. Ile ya sanaa unaweza kuiacha ukamate siyansi ya pili pa nafasi yake, na njo vile benye banataka kuwa badaktari banapata biyoloji na shimi (kemia) pamoja.

Mu ile 6, kwa kawaida tatu unaisoma ku HL, ni kusema kiwango ya juu, saa 240, na tatu ku SL, kiwango ya kawaida, saa 150. Kila somo inahesabiwa ku 7, ikuwe 42, kisha pointi 3 inatoka ku TOK (Theory of Knowledge, somo ya kufikiria namna tunajua mambo) na ile memware (Extended Essay) ya maneno 4000, jumla 45. Diploma inaanzia ku 24, lakini angalia, HL zako tatu zinapashwa kuleta hata 12, na ukipata 1 mu somo moja tu, diploma haikuye, hata kama pengine ulipiga 7.

Sasa namna ya kuchagua. Banzeni ku mwisho. Mbele ya kushika bic, fungueni intaneti ya fakilte yenye mutoto anataka, hata tatu ao ine, muandike pa karatasi masomo yenye banaomba na kiwango yake. Anataka enjenyeri? Mu fakilte mingi utakuta banaomba mati AA (minaieleza pa chini) ku HL na fizike ku HL. Udaktari? Shimi ku HL, na mara mingi biyoloji karibu yake. Droit ao siyansi politike haisumbue sana, istware ku HL ni nzuri juu inafundisha kuandika na kutetea wazo. Kama nia ni kurudia UNILU (iniversite ya Lubumbashi) ao kuenda Ubelgiji, muulizie sasa mambo ya ekivalansi, ni kusema kutambuliwa kwa diploma, na orodha ya masomo 6 mukononi, musingoje diploma ifike.

Pa mati njo bantu mingi banajikwaa. Kuko mati mbili: AA (Analysis and Approaches), yenye iko karibu na mati yetu ya mati-fizike, aljebra, fonksio, demonstrasio, na AI (Applications and Interpretation), yenye inapenda statistike, mifano ya maisha na kalkilatrise. AI haiko mati ya bajinga, kwa mutoto wa jografi ao komersi inamufaa muzuri. Lakini AI ku SL inafunga milango mingi ya enjenyeri, na ku ekonomi nako kuko iniversite zenye zinataka AA. Kama haujajua bado unaenda wapi, minasema ubakie mu AA hata ku SL.

Mudogo wangu alitoka mati-fizike, bilteni muzuri, furaha mu nyumba yote, basi tukaandika mati, fizike na shimi, zote tatu ku HL. Alivuka mupaka ya Zambia pa Kasumbalesa na balizi mukononi. Miezi mbili hivi akaniita usiku analia. Fizike alikuwa anaijua, ile sentensi ya kuuliza swali njo hakuielewa, juu miaka yote alisomea mu Kifaransa. Tena huku alizoea kujitayarisha na items za egzamen deta (mutihani wa serikali wa mwisho wa sekondari), unachagua jibu moja basi, na kule banataka uandike njia yote, ueleze juu ya nini, na mu siyansi 20% ya pointi inatoka ku shughuli ya utafiti yenye unafanya weye mwenyewe. Konseye (mushauri) wa ile shule hakutuambiaka kama mu wiki za kwanza mutu anaweza kubadilisha. Tulikuya kujua pa mwisho mwisho, akashusha shimi ku SL, na pale njo alianza kulala. Kwa hiyo: HL moja yenye fakilte inaomba, moja yenye mutoto anapenda kabisa, na ya tatu yenye anaweza hata siku mbaya. Musichague HL juu ya sifa ya familia.

Na Kifaransa, tafazali, musiitupe! Bazazi mingi banasema "tunamutuma ajue Kingereza, Kifaransa anayo tayari", na banamuandikisha Kingereza mu kundi ya kwanza, na kule batoto banachambua roman na mashairi sawa bale benye balizaliwa nayo. Minaona iko vizuri zaidi akamate Kifaransa A (A ni lugha yenye unaijua tayari na unachambua literatire yake) mu kundi ya kwanza, Kingereza B mu ya pili, na istware ao siyansi anazisoma mu Kingereza vile shule inafundisha. Akipata hata 3 mu Kifaransa A na 3 mu ile istware ao siyansi, diploma yake inaandikwa ya lugha mbili. Kama shule haina mwalimu wa Kifaransa A, ulizeni njia ya kujisomea literatire ya lugha yako, ile ya self-taught, iko ku SL tu, na Kiswahili nayo iko mu orodha. Bengine banataka Kifaransa B juu ya pointi ya bule. Shule inaweza kukatala, juu B ni ya mwenye angali anajifunza lugha, na ile ya ab initio ni ya mwenye anaanza ku zero.

Memware ya maneno 4000, mufikirie mapema somo gani itaibeba. Mutoto wa Lubumbashi yuko na mambo ya kuandika: makala ya kupikia na miti yenye inakwisha, maji karibu na mine, Kiswahili yetu hii. Kama anapenda mambo ya mazingira, kuko somo inaitwa ESS (Environmental Systems and Societies), yenye inahesabika mu kundi ya tatu na ya ine kwa mara moja, inaacha nafasi ya somo ingine. CAS, ni kusema mambo ya ubunifu, sport na kusaidia bantu, haina pointi lakini bila yake diploma haitoke.

Mbele ya kutuma, muandikie shule maswali hizi: masomo gani yanagongana mu orari, egzamen ni mwezi wa tano ao wa kumi na moja, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha ni gani. Bajibu kwa maandishi. Kisha jazeni fishi, mutoto mwenyewe asome kwa sauti kila somo aseme juu ya nini ameichagua, mupige foto ya karatasi, njo muitume.