Jinsi ya Kusoma Msimu wa Timu ya Hoki ya Barafuni

Anayetaka kufuatilia msimu wa timu ya NHL, ligi ya Marekani na Kanada, aanze na msimamo wa ligi, lakini aweke kando mazoea ya soka, kwa kuwa huku hakuna sare. Ushindi wowote una pointi 2. Anayefungwa ndani ya dakika 60 za kawaida hapati kitu, ilhali anayefungwa katika muda wa nyongeza au kwa mikwaju ya penalti huambulia pointi 1. Ndiyo maana rekodi ya timu huandikwa kwa namba tatu: mechi ilizoshinda, ilizofungwa ndani ya dakika 60, na ilizofungwa baada ya hapo.

Chukua Tampa Bay Lightning ya msimu wa 2018–19, iliyomaliza kwa 62-16-4: zidisha 62 kwa 2, jumlisha 4, nawe utapata pointi 128 katika mechi 82. Kabla ya msimu kwisha, linganisha pia idadi ya mechi zilizochezwa, kwa sababu timu hazilingani kwa ratiba na pointi peke yake hudanganya.

Kisha tenganisha msimu wa kawaida na mtoano, ambako timu 16 hukutana katika mfululizo wa mechi zisizozidi 7 na anayetangulia kushinda 4 husonga mbele. Lightning hao hao, waliokuwa vinara wa ligi nzima, waliongoza 3-0 katika mechi ya kwanza dhidi ya Columbus Blue Jackets, wakapoteza 4-3, wakafungwa tena mara tatu mfululizo na kuaga raundi ya kwanza.