Mkaa wa vifuu kwenye matuta ya viazi

Mchanga wa Kigamboni mnaujua. Ukimwagilia asubuhi, adhuhuri juu pameshakauka, na mbolea ya mfuko inazama na maji kabla marando ya viazi vitamu hayajashika. Ndiyo maana natia bayocha, yaani mkaa wa shambani. Una vitundu vidogo mno vinavyoshika maji na virutubisho. Wenyewe lakini si mbolea, na anayeuuza kwa jina hilo mwachie kiroba chake.

Vifuu wanavitupa wakuna nazi sokoni. Mimi huchanganya na magunzi makavu. Mbao zenye rangi au dawa usiguse. Chimba shimo la umbo la sufuria, mdomo mpana, kina cha magoti. Washa moto chini, kisha ongeza kidogo kidogo. Kazi yote ni macho: tabaka la juu likianza kuota jivu jeupe, funika na jingine. Miali ya juu inaimaliza hewa, vilivyo chini vinabaki mkaa. Moshi ukitanda, ama vitu ni vibichi ama umerundika kwa pupa. Shimo likijaa, zima moto kwa maji, tena usibane maji, ukikoroga kwa chepe. Kaa moja la moto likibaki hai, kesho unazoa jivu. Ponda ukiwa umelowa, maana vumbi lake baya kifuani.

Sasa usikimbilie shambani. Mkaa mbichi ukiingia udongoni unaanza kwa kujinyonyea virutubisho wenyewe, na marando yanageuka njano. Uchanganye nusu kwa nusu na samadi ya kuku au mboji, lowanisha, funika kwa turubai wiki mbili tatu, ukigeuza. Ile harufu ya kuchoma pua ikikata, tayari. (Kama unafuga, mwaga mkaa kwenye maranda ya banda. Kinyesi cha kuku kinaulisha virutubisho bure na harufu inapungua.)

Kipimo cha kuanzia ni kilo moja ya mkaa kwa mita moja ya mraba. Kwa ekari nzima hiyo ni kama tani nne, nani atazichoma? Kwa hiyo weka ndani ya tuta tu, kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu, ndiko viazi vinakojaza. Muhogo, chepe moja kwenye shimo la kila pingili. Kwa karoti, mkaa uchekeche kabisa, bonge likikaa njiani mzizi unapasuka miguu miwili. Samadi usizidishe, utavuna matembele badala ya viazi. Na udongo ambao umeshamwagiwa majivu ya jikoni miaka yote upunguzie, maana mkaa nao hupunguza tindikali.

Mkaa hauozi upesi, hivyo msimu ujao utaongeza samadi peke yake. Choma wakati wa kiangazi, masika yakianza Machi uwe umeshachanganya. Na tuta moja liache bila mkaa, marando yaleyale, siku ileile, ili siku ya kuvuna mizani iamue.